Soketi ya Pini 16: Jinsi Simu Ilivyopata Ruhusa ya Kuzungumza na Injini

Chini ya usukani wa karibu kila gari la miaka ya hivi karibuni kuna soketi yenye nafasi za pini 16. Madereva wengi hawajawahi kuiona. Ukichomeka humo adapta ndogo inayoenea kiganjani, ukawasha Bluetooth ya simu, utasoma joto la injini, mizunguko yake kwa dakika, na sababu ya ile taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi. Kwa vile kazi yangu ni kuandika programu, marafiki huniuliza: kwa nini watengenezaji wa magari waliacha mlango huu wazi? Jibu ni kwamba walilazimishwa na sheria, na sheria yenyewe haikumlenga fundi wala mwenye gari. Ililenga hewa. Leo tuipitie historia hiyo, maana ukiijua utaelewa pia kwa nini adapta moja hukubali gari hili na kukataa lile.

Tuanzie Los Angeles. Mwezi wa Julai 1943, katikati ya vita, jiji lilifunikwa na ukungu wa moshi uliochoma watu macho na koo. Kuna waliodhani Japani imewashambulia kwa gesi ya sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech, alionyesha chanzo chake: mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni kutoka kwa magari na viwanda vya kusafishia mafuta, vikipikwa na mwanga wa jua. Mwaka wa 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, CARB, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilibana moshi wa magari, na kuanzia magari ya 1975 bomba la moshi likaanza kufungwa kataliti, kifaa cha kusafisha gesi kabla haijatoka. Kataliti ya kusafisha gesi zote tatu mbaya kwa pamoja ina masharti yake: inafanya kazi vizuri tu mchanganyiko ukikaribia gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho siku nzima. Ikabidi iwekwe sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na kompyuta ya kuisoma na kurekebisha mafuta mara kwa mara. Ndivyo kompyuta ilivyoenea kwenye injini.

Tatizo jipya likazuka. Sensa ikifa, gari huendelea kutembea, dereva hajui, na moshi unatoka mchafu. CARB ikaamua kwamba gari lijishtaki lenyewe: kuanzia magari ya 1988 yaliyouzwa California, kompyuta ilitakiwa kugundua hitilafu, kuwasha taa na kuhifadhi msimbo. Hii ndiyo tunayoiita leo OBD-I. Lakini kila kampuni ilikuwa na plagi yake na misimbo yake. Mafundi wakongwe wa hapa kwetu wanaijua mbinu ya Toyota za enzi hizo: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, ikitulia, halafu mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni. Skana ya bure kabisa! Lakini ujuzi huo haukukusaidia ukiletewa gari la kampuni nyingine.

Marekebisho yakaja na OBD-II. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa na soketi ileile ya pini 16, misimbo ileile ya msingi (P0420 ni kataliti iliyochoka, P0300 ni injini inayokosa kuwaka vizuri), na maswali yaleyale ya kuuliza kompyuta. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Soketi ilikuwa moja, lakini ndani yake kampuni ziliruhusiwa kuongea lugha tofauti. Ford ilikuwa na itifaki yake, GM yake, Chrysler na magari mengi ya Ulaya na Asia yakatumia nyingine. Ukijumlisha zilikuwa tano. Mwisho ikashinda CAN, itifaki iliyotangazwa na Bosch mwaka 1986, na Marekani ikailazimisha kwa magari yote mapya ya 2008. Kwa miaka hiyo yote kabla, aliyetaka kuunda skana alipaswa kujua lugha zote tano, na ndiyo maana mashine hizo zilikuwa ghali na kukaa kwenye gereji kubwa tu.

Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ilitoa chipu ya ELM327. Chipu hii ni mkalimani: upande mmoja inajua itifaki zote za OBD-II, upande wa pili inapokea maandishi ya kawaida. Amri zake huanza na AT, mtindo uliorithiwa kutoka kwa modemu za Hayes za mwaka 1981. Waliowahi kuunganisha intaneti kwa laini ya simu watatabasamu hapa :-)

Tuone mfano. Unatuma 010C, maana yake "nipe mizunguko ya injini". Gari linajibu 41 0C 0C 80. Namba mbili za mwisho ni heksadesimali, yaani 12 na 128. Zidisha 12 kwa 256, ongeza 128, gawa kwa 4: unapata 800. Injini imetulia, inazunguka mara 800 kwa dakika. Joto ni rahisi zaidi: tuma 0105, chukua namba ya mwisho, toa 40, hizo ni nyuzi za Selsiasi. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta anaweza kuandika programu hii kwa jioni moja.

Kilichobaki kilikuwa skrini ya bei nafuu, na hiyo tayari ilikuwa mfukoni. Oktoba 2009 Android 2.0 iliwaruhusu waandishi wa programu kutumia Bluetooth, na muda si mrefu zikaja programu kama Torque ya Ian Hawkins. iPhone ilibana aina ile ya Bluetooth, kwa hiyo wenye iPhone wakauziwa adapta za Wi-Fi.

Bei nayo iliporomoka, ila si kwa njia safi. Toleo la kwanza la ELM327 halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, na viwanda vya China vikalinakili. Adapta nyingi za bei ya chini zinajitambulisha kama v1.5, toleo ambalo Elm yenyewe haikuwahi kulitoa! Elm Electronics ilifunga milango mwaka 2022, lakini nakala zake zimejaa madukani.

Sasa tuje Kenya. Petroli yenye risasi, ambayo huua kataliti, iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 tu. Tena magari yetu mengi yaliundwa kwa soko la Japani, ambako sheria ya Marekani haikufika. Magari mengi ya zamani ya huko yana soketi ileile lakini ndani yanaongea lugha ya kampuni. Adapta inaingia vizuri, simu inasema haioni gari. Usimlaumu aliyekuuzia adapta kabla hujaangalia gari lako ni la mwaka gani na la soko gani.

Kubwa kuliko yote kwa mnunuzi wa gari kuukuu ni hili. Kufuta misimbo ni kubonyeza kitufe kimoja, na taa inazima. Lakini ukifuta, kompyuta pia inasahau majaribio yake ya ndani, na lazima iyarudie gari likitembea. Magari mengi huhesabu hata kilomita tangu misimbo ifutwe. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kwenye yadi moja ya magari. Dashibodi ilikuwa safi, muuzaji akiapa kwamba gari halijawahi kusumbua. Simu ilionyesha kilomita 3 tangu misimbo ifutwe, na majaribio ya kataliti na ya sensa ya oksijeni hayajakamilika. Binamu yangu akaomba tuliendeshe hadi yakamilike. Muuzaji akakataa. Tukamshukuru, tukaenda zetu.

Hata hivyo kompyuta husema ilichoandikiwa kusema. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11 duniani, na waliovumbua walipima moshi wenyewe barabarani, hawakuuliza soketi. Tena usiache adapta imechomekwa kila siku: pini ya 16 hupata umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa.

Magari ya umeme yanakuja, nayo hayana moshi. Sheria iliyofungua mlango ule haikuwa na la kuyadai, na kila kampuni ikarudia lugha yake, kama mwaka 1988. Kuhusu afya ya betri ya Nissan Leaf, kuna waliokaa chini wakachambua ujumbe wa gari mmoja mmoja, ikazaliwa programu ya Leaf Spy. Inatumia adapta zilezile za ELM327. Ukienda kutazama Leaf iliyotumika, nenda nayo.