Sungura hakati tiketi mwenyewe

Wadau, huyu sungura mweupe anayeuzwa ndani ya tenga pale Kariakoo hana undugu wa karibu na yule Sungura mjanja wa hadithi za bibi. Yule wa porini kwetu huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Huyu wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu. Macho hufumbuka kama siku ya 10. Asili yake ni Hispania na Ureno, kwa hiyo kila sungura wa tengani ana bibi aliyewahi kupandishwa chombo. Kuna mtu aliamua.

Uamuzi mmoja wa namna hiyo umeandikwa. Karibu mwaka 1420, Mreno Bartolomeu Perestrelo alikuwa anakwenda kuanzisha makazi kwenye kisiwa cha Porto Santo, jirani na Madeira. Akapakia sungura jike mwenye mimba, akazaa humo humo baharini. Gomes Eanes de Zurara, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika habari za wafalme wa Ureno (mwenzetu wa enzi hizo!), anasimulia kisa hicho. Mama na watoto wakafika salama, wakaachiwa kisiwani.

Sasa, mimba ya sungura ni kama siku 31 tu, na akishazaa anaweza kushika nyingine mara moja. Kisiwani hakukuwa na mnyama wa kuwala. Haukupita muda mrefu, kila kilichopandwa kikaliwa na Perestrelo mwenyewe akaondoka kwa muda.

Australia ikarudia somo lile lile. Mwaka 1859 bwana mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura kutoka Uingereza kwa meli ili apate wa kuwinda shambani kwake Victoria. Mwaka 2022 wanasayansi waliochunguza vinasaba walithibitisha kuwa baa la sungura la nchi nzima lilianzia hasa kwenye mzigo ule.

Mnaweza kusema hayo ya Wazungu yanatuhusu nini. Desemba, dogo mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe aliniuliza: "Kaka, niende nao Moshi?" Ana watoto wawili wa sungura, wiki tatu. Nyumba nzima inakwenda kula sikukuu, na hataki kuwaacha wafe njaa. Hoja ya maana kabisa. Alichotaka kujua ni kama watafika.

Hata wa Perestrelo walifika. Mimi naona swali la kwanza ni safari hii ni kwa faida ya nani. Wa wiki tatu bado wananyonya, na mama yao anabaki. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto hulitoa zaidi kupitia masikio, na likizidi nyuzi 30 anaanza kuumia. Dar ya Desemba mnaijua. Buti la basi, zaidi ya kilomita 500, ni tanuri. Akiogopa huacha kula, na sungura asiyekula tumbo husimama, hufa kimya kimya bila hata utingo kujua.

Nikamwambia dogo: waache na mama yao, mpe jirani unayemwamini hela ya majani, na umwonyeshe jinsi ya kubadilisha maji. Kama ingekuwa lazima, wangesubiri wafike wiki nane, wasafiri usiku, kwenye boksi lenye matundu mengi, mapajani na sio kwenye buti, majani mabichi yakiwemo. Na huko mwisho wa safari pawe na banda linalofungwa, mbali na mbwa wa shamba.

Alinuna kidogo, akakubali.

Miaka 600 sasa sisi ndio tunaamua na wao ndio wanasafiri. Angalau tuamue tukiwafikiria wao. Wikiendi njema.