Mali bila Daftari: Hesabu za Umma kutoka Mbinga hadi kwenye Seva

Katika lugha yetu, ukata ni hali ya kukosa fedha. Katika Mkoa wa Ruvuma, Ukata ni kata ya Wilaya ya Mbinga, katika nchi ya Wamatengo, watu wa kahawa na wa mashimo ya ngoro. Kufanana kwa majina haya ni bahati tu, lakini kunatupa mahali pazuri pa kuanzia. Fedha ya umma inayopelekwa kwenye zahanati au shule ya kata kama Ukata huandikwa wapi, na ni nani awezaye kulifungua daftari hilo? Jibu la leo ni fupi: imeandikwa kwenye seva. Jinsi tulivyofika kwenye jibu hilo ni habari ndefu zaidi, na wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1936 uliundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo uliokuja kujulikana kwa jina la Ngomat. Katika mfumo wa ushirika mkulima alipeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, karani akapima, akaandika uzito, naye mkulima akaondoka na stakabadhi mkononi. Karani aliweza kupunja, na mizani iliweza kusema uongo. Hata hivyo daftari lilikuwa karibu, aliyeliandika alijulikana kwa sura na kwa ukoo, na ugomvi juu ya tarakimu uliweza kumalizwa mbele ya watu.

Kisha hesabu ikaanza kuhama. Mwaka 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Sheria za mwaka 1982 zilifungua njia ya kuvirudisha vyombo hivi, lakini kwa miaka kadhaa mwananchi wa wilayani alikuwa amezoeshwa kwamba hesabu yake inafanywa mahali pengine.

Huko mahali pengine, mashine ilikuwa imekwisha kufika. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilipofika 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwama, hesabu zikavurugika, na mwaka huohuo wa 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni kutoka nje. Wako wanaoikumbuka amri hiyo kwa kicheko. Mimi naiona kama ushahidi wa tatizo lililokuwa la kweli: serikali ilikuwa imenunua mashine kabla ya kuwa na watu wake wa kutosha wenye kuielewa. Marufuku iliizuia mashine isiingie, lakini haikuzalisha ujuzi uliokosekana.

Tatizo hilo lilirudi kwa sura mpya mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoanza kutumia mfumo wa kibiashara wa uhasibu uliojulikana zaidi kwa jina la Epicor, nao ukaenea pia katika halmashauri. Kuanzia mwaka 2012 halmashauri ziliunganishwa na toleo jipya lililokuwa na seva yake ya pamoja Dodoma. Hapa inafaa tueleze maana ya jambo hili. Programu ya upande wa seva haikai katika kompyuta ya mhasibu aliyeko Mbinga. Kompyuta yake ni dirisha tu. Anapojaza malipo, ombi lake husafiri kwa mtandao hadi kwenye seva, na huko programu humtambua, huangalia kama kifungu kina salio, huandika katika hifadhidata, kisha humrudishia jibu. Mtandao ukikatika, dirisha hufungwa. Tena, programu ya kibiashara hutumiwa kwa leseni, na maandishi yake ya ndani hubaki mali ya mwenye kiwanda. Mpangaji anaweza kupanga samani. Akitaka kuhamisha ukuta, sharti amtafute mwenye nyumba na amlipe.

Njia nyingine ilionekana katika sekta ya afya. Mfumo wa takwimu uitwao DHIS2 una asili yake katika kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi mwaka 1994, ukaendelezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java: anayetaka kuyasoma maandishi yake ya ndani anaruhusiwa, na anayetaka kuyabadili anaruhusiwa pia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuurekebisha kwa mahitaji yetu, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima. Vijana walioufanyia kazi walipata kitu ambacho leseni haitoi, yaani mazoea ya kufungua injini na kuitengeneza.

Serikali ilikwenda upande huohuo. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka. Mwaka 2017 ulizinduliwa mfumo wa FFARS, wa hesabu za vituo vya afya na shule, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani kwa msaada wa mradi wa Wamarekani. Kisha ukaja MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini uliojengwa na Watanzania, ukachukua nafasi ya Epicor. Kwa taifa lililopiga marufuku kompyuta mwaka 1974, hii ni hatua kubwa, na watumishi walioifanikisha wanastahili heshima.

Lakini uhuru wa taifa dhidi ya mwenye leseni ni jambo moja, na uhuru wa mwananchi mbele ya daftari la taifa lake ni jambo jingine. Siku hizi kanuni ya utawala huandikwa mara mbili: kwanza na Bunge, kisha na mwandishi wa programu. Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa. Mwandishi wa programu asipoweka ukurasa ambao mwanakijiji anaweza kuufungua bila neno la siri la mtumishi, haki hiyo inakomea mlangoni mwa chumba cha seva. Mfumo unamjua mhasibu, mkaguzi na katibu mkuu. Mkulima wa Ukata haumjui kabisa, ingawa dawa zilizoandikwa humo ni zake.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Wanafunzi wa kompyuta, jifunzeni sheria za serikali za mitaa kama mnavyojifunza hifadhidata. Wanaharakati, msiishie kudai bajeti ichapishwe. Dodoseni pia mfumo umeandikwa kumruhusu nani aone nini. Nanyi watumishi wa umma, mnapoandaa mahitaji ya mfumo unaofuata, mwandikeni mwanakijiji katika orodha ya watumiaji, na taarifa ya kila robo mwaka iweze kuchapwa kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, na kubandikwa katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kazi hiyo haihitaji leseni mpya. Wajuzi wa kuifanya tunao sasa, kwa hiyo kisingizio cha mwaka 1974 hatunacho tena.