Vali ya Moyo na Njia ya Mbeya

Moyo wa binadamu una milango minne, ambayo hufunguka na kufungwa kiasi cha mara laki moja kila siku, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Matabibu huiita vali. Kiswahili, ambacho tangu zama kimeupa moyo kazi ya kupenda na kuchukia, kutiwa na kuvunjika, hakikuwa na haja ya kuitaja milango hiyo hata siku maradhi yake yalipoanza kutibiwa kwa kisu.

Katika Afrika Mashariki adui mkubwa wa vali ni homa ya rumatiki. Mwanzo wake ni mdogo. Mtoto wa Mwanjelwa, mtaa wa soko katika jiji la Mbeya, alalaye chumba kimoja na nduguze watatu au wanne, huumwa koo siku chache, kisha hupona, na mamaye hulisahau jambo hilo. Lakini vijidudu vya streptokoki vilivyokuwa kooni vimekwisha kuuchokoza mwili, na askari wa mwili, katika kumtafuta adui, huwapiga na wenyeji: viungo huvimba, na vali za moyo hupata makovu. Homa ikirudi mara kwa mara, makovu huzidi. Vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto, hushikamana ikawa nyembamba, damu ikasongamana mapafuni. Binti afikapo miaka ishirini hawezi tena kupanda kilima na ndoo ya maji bila ya kusimama kuhema. Vitabu vingi vya tiba vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilisema kuwa maradhi haya ni ya nchi za baridi. Usemi huo ulitokana na uchache wa waliopimwa, si uchache wa waliougua.

Upasuaji wa vali ulizaliwa katika hofu. Tarehe 20 Mei 1923, mjini Boston, Elliott Cutler aliingiza kisu katika moyo wa msichana wa miaka 12, moyo wenyewe ukiwa unapiga, akaipasua vali iliyoziba. Msichana akaishi miaka minne na zaidi. Wagonjwa karibu wote waliomfuata walikufa. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London alitumia njia ya busara kuliko hiyo: alitia kidole chake ndani ya moyo, akaupapasa mlango na kuupanua. Mgonjwa wake, msichana wa miaka 15, akapona. Souttar hakuifanya kazi hiyo tena maishani mwake, si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kuwa matabibu wenzake hawakumpelekea mgonjwa wa pili. Waliamini kuwa ugonjwa umo katika nyama ya moyo, na vali si kitu. Kidole kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni barua ya kumpeleka mgonjwa. Miaka 23 ikapita hivyo.

Tarehe 10 Juni 1948 Charles Bailey wa Philadelphia, ambaye wagonjwa wake wa awali walikufa, na mmoja wao alikufa asubuhi ya siku ile ile, alifaulu hatimaye. Siku sita baadaye Dwight Harken akafaulu Boston, na Septemba ya mwaka huo Russell Brock akafaulu London. Lakini kidole hakina macho. Mwaka 1953 John Gibbon alitumia mashine ishikayo kazi ya moyo na mapafu kwa muda, na tangu hapo mpasuaji akaweza kuufungua moyo na kuutazama.

Vali iliyooza kabisa haipanuliki, yataka nyingine. Mwaka 1958 Lowell Edwards, mhandisi mstaafu, alimwendea mpasuaji kijana Albert Starr huko Portland, Marekani, akitaka kuunda moyo mzima wa bandia. Starr akamshauri aanze na vali moja. Walichokiunda ni tufe ndani ya kizimba, mfano wa kizibo cha chupa. Mgonjwa aliyewekewa Septemba 1960 aliishi miaka kumi, akafa kwa kuanguka ngazini. Baadaye Alain Carpentier wa Paris alionyesha jinsi ya kuhifadhi vali za nguruwe kwa dawa ili zidumu katika mwili wa mtu.

Watanzania walikuwa wakipelekwa nje, hasa India, wachache kati ya wengi waliohitaji. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mahali hapo hapo. Safari ya kuvuka bahari ikawa safari ya kushuka Iringa, Mikumi na Morogoro, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Lakini kwa binti wa Mwanjelwa kupasuliwa ni nusu ya habari. Vali ya chuma hudumu, ila damu hupenda kugandia juu yake. Basi hana budi kumeza warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ikizidi atavuja damu, ikipungua vali itakwama. Hata mboga za majani, kitoweo cha kila siku, huipunguza nguvu, hivyo asile kisamvu tele leo na kesho asionje. Akichukua mimba, dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya mnyama haimlazimishi kumeza dawa hiyo daima, lakini katika mwili wa kijana huchakaa upesi, na kifua kitapasuliwa mara ya pili. Starr na Edwards walianza na watu wazima wa Portland. Wagonjwa wa vali wa Afrika Mashariki wengi wao ni vijana, na wanawake wamezidi. Kwao uchaguzi wa vali ni uchaguzi wa kuzaa au kutozaa, nao hufanywa mara nyingi kwa dakika chache kitandani, mbali na mume na mama.

Kwa mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo ipo sindano ya penisilini, kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Sindano hiyo haihitaji mashine ya Gibbon. Muuguzi wa zahanati aweza kuidunga, mradi mtoto amekwisha kutambuliwa na jina lake limo daftarini.