Fundi Aliyewatetea Vibarua Wake

Kilele cha Everest kina jina la mkuu wa upimaji wa India. Aliyezikokotoa pembe zilizopimwa kwa theodolaiti, mwaka 1852 kikaonekana kirefu kuliko vyote duniani, ni fundi wa hesabu wa Kibengali, Radhanath Sikdar.

Mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1843, huko Dehra Dun, hakimu Mwingereza aliwabebesha vibarua wa upimaji mizigo yake bure. Vibarua hao! Bila wao mnyororo nani angeuvuta? Sikdar alipinga, akatozwa faini ya rupia 200.

Kitabu cha upimaji alichosaidia kuandika kilimshukuru mwaka 1851. Alifariki 1870. Toleo la 1875 likaliondoa jina lake.