Bankambo si wa Kambo

Msomaji wa Tanga au Mombasa akishuka leo kwenye stesheni ya Kamina, pale zinapokutana reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, atafuata mazungumzo vizuri tu mpaka asikie neno bankambo. Kwake kambo ni undugu wa kuunga: baba wa kambo, mama wa kambo, ndugu wa kambo. Huku Haut-Lomami, katika Katanga ya Kongo, nkambo ni babu au bibi, na bankambo ni wote waliowazaa waliotuzaa, hasa waliokwisha kufa. Sikio linapokea sauti ileile. Pwani inamtaja mzazi asiye wa damu, Katanga inataja chimbuko la damu yenyewe. Nawasihi wahariri wasilisahihishe neno hili wanapolikuta katika maandishi ya Wakongomani. Tunalihitaji, kwa sababu Kiswahili kimejaa majina ya kufa, lakini kina uhaba wa majina ya waliokufa ambao bado wana neno katika maisha yetu.

Maiti ni mwili unaosubiri kuzikwa, basi. Mfu ni la Kibantu, ndugu wa lufu, yaani kifo kwa Kiluba, lakini limepoa. Tunalitumia kwa wingi katika sala, tukiwaombea wafu, na hatuthubutu kumwita hivyo mama aliyetulea. Marehemu ni aliyerehemewa. Kila ulitamkapo umemwombea mtu, hata kama hukukusudia.

Hayati linanishangaza kila mara. Kwa asili yake ya Kiarabu ni uhai, nasi tumelichukua kumtajia aliyekufa. Aliyelianzisha alijua alilolifanya. Ila Watanzania na Wakenya wamelifungia ikulu: hayati Mwalimu Nyerere, hayati Mzee Kenyatta. Sioni kwa nini mkulima wa mihogo wa Kaniama asiitwe hayati na wanawe. Uhai wake haukuwa mdogo kuliko wa rais.

Kufariki ni kuachana, kuaga ni kupeana mkono mlangoni. Kutangulia mbele ya haki ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linamhusisha anayelisema: aliyetangulia ana wanaomfuata, na mimi ni mmoja wao. Ni bahati mbaya kwamba mtangulizi amekwisha kuchukuliwa na maofisi, akawa mkurugenzi aliyestaafu.

Tukija kwenye maombolezo, Tanzania Bara ina msiba, Kenya ina matanga, Katanga ina kilio. Msiba ni neno la Kiarabu linalotaja pigo lililotupata. Kilio linataja kile tunachokifanya pamoja, na huku limepanuka mpaka likashika turubai, viti, chungu cha bukari (yaani ugali), nyimbo za usiku na siku zote mpaka watu watawanyike. Mtu huuliza kilio kiko kwa nani, naye akielekezwa huenda, hata kama marehemu hakumjua. Ningependa pwani walikopeshwe kwa maana hii pana, maana msiba unaweza kumpata mtu akiwa peke yake, lakini kilio cha Kamina hakiwi cha mtu mmoja.

Neno zito kuliko yote ni uzima. Pwani ni afya, ni utimilifu, ni utu uzima. Katika Biblia likapewa milele. Katanga lilipewa kazi nyingine. Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyeishi miaka mingi kati ya Waluba, alichapisha mwaka 1945 kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa Mluba kuwa ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au hupungua, huteremka kutoka kwa waliotangulia hadi kwa walio hai na watoto wao. Alitega sikio kwenye salamu: Mluba anapoamkia wakomapo, anaulizia ukakamavu wa mwenzake. Wapo waliompinga Tempels kwa haki, wakisema amewafunga Waafrika wote katika falsafa moja. Lakini miaka ya 1950 yeye na Wakatoliki wa migodini Kolwezi walipoanzisha vuguvugu la Jamaa, mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Hawakuchagua maisha, ambalo katika Kiarabu hutaja pia riziki, wala uhai, ambao hata mdudu anao. Walichagua uzima, nao ukaja kumaanisha kitu ambacho mtu hupewa, hukikuza na hukigawa. Kwa maana hiyo mtu aliyekufa akiwa amegawa uzima wake hajaishiwa.

Niseme haraka jambo moja la sarufi. Uzima na kuzima, kama kuzima taa, havitoki shina moja, ingawa wahubiri hupenda kuvichezesha pamoja. Tusivioanishe.

Kuzimu ni mahali pa mizimu, ku- ya mahali pasipo mipaka. Lilikuwa jina tulivu. Kisha likawekwa karibu na jehanamu katika mahubiri mpaka wengi wakadhani ni kitongoji chake, na mzimu naye akageuka kitisho cha usiku. Waluba wana Kalunga, makao ya waliokufa, na Kalunga si adhabu. Anayelitafsiri kwa jehanamu anawapeleka motoni watu wasiohukumiwa, na anayelitafsiri kwa ahera anaingiza ndani yake siku ya mwisho, kwa kuwa ahera ni ya mwisho kwa asili yake. Tafsiri ya haki ni kuzimu, tukikubali kulisafisha. Tofauti hii inagusa namna watu wanavyoishi. Mwenye ahera anajua kuna hesabu mbele yake, na kila tendo lake linaandikwa. Mwenye Kalunga anajua kuna wakubwa nyuma yake ambao hawajaondoka mezani, na kila tendo lake linawatia nguvu au linawaaibisha. Wengi wetu Kamina tunaishi na yote mawili, Jumapili na siku za juma, na lugha yetu lazima iweze kuyabeba bila kulimeza moja.

Kwa wafalme wa Kiluba wakubwa hao walikuwa na anwani. Mfalme alipokufa, makao yake yaligeuka kitenta, na mwanamke aliyeitwa mwadi akaipokea roho ya mfalme, akaketi pale na kusikilizwa kama yeye. Nimeona kitenta kikitafsiriwa kaburi la kifalme. Kaburi limefungwa, kitenta kilikuwa kinaendelea kutawala. Tusilitafsiri, tulipokee lilivyo: kitenta, vitenta, limeingia ngeli yetu bila kubishana. Mwadi naye ana jirani pwani: katika ngoma za pepo, mtu anayepandwa huitwa kiti. Linganisha na lupona, kiti cha enzi cha Waluba, ambacho wachongaji walikichonga mara nyingi kama mwanamke aliyebeba kikalio kwa mikono na kichwa. Watu wawili wasiojuana, wa bahari na wa mto Lualaba, wote waliona kwamba aliyekufa anahitaji mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni mtu.

Kando ya ziwa Kisale, pale Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mwaka 1957, 1958 na tena 1974 makaburi ambayo mengine yana zaidi ya miaka elfu. Waliozikwa walikuwa na vyungu, mapambo ya shaba, na wengine misalaba midogo ya shaba. Vitabu vya historia huandika vifaa vya kaburi, jina la ghala. Kiswahili cha zamani kina pamba, chakula cha njiani ambacho msafiri hufungiwa na wenyeji wake. Hilo ndilo jina la chungu cha Sanga. Sisemi kwamba tunajua yote waliyoyaamini waliokiweka. Nasema mkono unaomwekea mtu chungu unamtendea kama msafiri, na jina liufuate mkono.

Sasa deni langu: jina la waliokufa ambao bado wana neno katika maisha yetu. John Mbiti, Mkenya aliyechapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, alieleza kwamba aliyekufa huendelea kuwa karibu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wanaomfasiri huandika wafu-hai, maneno mawili yanayogombana katika kistari. Mababu linawaacha wanawake nje. Wahenga tumewaachia methali tu. Mizimu imeharibiwa, nimekwisha kusema.

Napendekeza watajwa. Mtajwa ni aliyekufa ambaye jina lake bado liko midomoni. Waluba waliijenga taasisi nzima juu ya kutaja: wazee wa chama cha mbudye walishika lukasa, ubao wa shanga, na kwa vidole wakaufuata huku wakisoma wafalme na safari zao. Mama anayempa mtoto jina la nkambo wake anafanya kazi hiyohiyo bila ubao, na pwani mtoto huyo huwa somo au wajina wa aliyekufa. Makarani wana tajwa yao, ya hapo juu, lakini hiyo haina mtu ndani yake. Na kitenzi kutaja hutaka kinywa cha aliye hai: hakuna mtajwa bila wa kumtaja, kwa hiyo neno linawafunga pande zote mbili.

Mbiti alisema kwamba anayekosa wa mwisho wa kumtaja huzama katika Zamani. Neno lake ni la Kiarabu, nasi tunalo letu, kale. Basi mtu hutoka kwa watajwa akaingia kwa wakale, bila nafasi kati ya wa na kale, ili tusiwachanganye na watu wa kale wa vitabu vya shule. Wakale hatuwajui majina, ila ndani ya bankambo wamo wote wawili, watajwa na wakale, na ndiyo maana naomba neno hilo la Kamina lipewe ukurasa katika kamusi, mbali na kambo.