Mirathi Isiyogawanyika: Neno la Pwani katika Riwaya ya Njombe

Riwaya ya C. G. Mung'ong'o, *Mirathi ya Hatari*, ilichapishwa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1977. Mandhari yake ni Njombe, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012. Huko Kibena ndiyo lugha kuu ya nyumbani; Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na vitabu. Kwa hiyo mwandishi chipukizi wa Nyanda za Juu Kusini alikuwa na kazi ya kila siku: kutafuta neno la Kiswahili litakalobeba imani iliyozoea kutajwa kwa lugha nyingine.

Neno "mirathi" lina asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu, mirathi ni mali ya marehemu inayogawanywa kwa warithi kwa mafungu maalumu. Gusto, mhusika mkuu, anarithi uchawi wa baba yake, urithi usio na mafungu. Sifa "ya hatari" inalihamisha neno kutoka kwenye mali hadi kwenye nafsi ya mrithi. Ufundi wa riwaya hii unaanzia hapo, katika jina lake, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.