Juliasi Kaizari Darasani: Tanzia na Wanafunzi Wasiolingana

Mnamo mwaka 1867 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha kwa Kiswahili hadithi nne zilizotoka katika kitabu cha Charles na Mary Lamb, waliosimulia tamthilia za Shakespeare kwa nathari nyepesi kwa ajili ya vijana. Miongoni mwazo ilikuwamo ile ya Mfalme Lear. Hivyo tanzia ya Shakespeare iliingia katika Kiswahili ikiwa muhtasari: kisa kilibaki, usemi wa wahusika ukapungua.

Njia hiyo haijafa. Mwalimu wa Kiingereza mwenye darasa ambamo wachache wanasoma vizuri na wengi wanababaika huikimbilia. Wanafunzi hodari hupewa tamthilia, wenzao hupewa kisa chake. Ugawaji huo huonekana kuwa wa huruma, kumbe humnyima mwanafunzi dhaifu kitu kilekile kinachoifanya tanzia kuwa tanzia.

Karibu miaka mia moja baada ya Steere, Julius Nyerere alifuata njia nyingine. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Aliisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Mwaka uliotangulia Samuel Mushi alikuwa ametoa Makbeth. Nyerere hakufupisha, wala hakutumia vina. (Si kwamba vina vilimshinda: katika miaka ya 1990 alizitunga Injili kwa utenzi.) Inafaa ikumbukwe pia kwamba akina Lamb hawakukisimulia kisa cha Kaizari kabisa.

Mjini Goma suala hili lina uzito wa pekee. Shule ya sekondari hufundisha kwa Kifaransa, na Kiingereza ni somo tu. Katika darasa moja huketi kijana aliyesoma Uganda, na pembeni yake mwenzake kutoka Masisi ambaye Kiingereza hukisikia kinywani mwa mwalimu pekee. Wote wawili wanasema Kiswahili, ingawa si kile cha Nyerere. Usanifu wake nao unahitaji kufafanuliwa, na mwalimu asiuone kuwa maji ya kunywa.

Hata hivyo, tazama hotuba ya Antonio mbele ya maiti. Anamsifu Bruto kuwa mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka sifa inageuka tusi. Katika muhtasari jambo hilo huwa sentensi moja: Antonio aliwachochea watu. Kwa Kiswahili, darasa zima husikia kejeli ikipanda hatua kwa hatua, maana kumsifu mtu kwa kumsuta ni ufundi unaojulikana sokoni na barazani. Baada ya hapo Kiingereza chenyewe husomwa kwa shabaha: mwanafunzi anajua anachokitafuta. Anayebabaika anaweza kuonyesha ni mara ya ngapi neno lile lilipoharibika, na pengine akamtangulia hodari.

Kisha hufuata onyesho fupi ambalo walimu wengi huliruka. Sina, mshairi, anakutana na umati barabarani. Anaulizwa jina lake. Jina ni la mmoja wa waliomwua Kaizari. Anajitetea kwamba yeye ni mtu mwingine, lakini haimfai kitu. Katika jimbo ambalo mapigano ya Masisi ya mwaka 1993 yaliwagawa majirani kwa asili zao, onyesho hilo halihitaji maelezo marefu. Linahitaji mwalimu mwangalifu, anayejua nani ameketi karibu na nani.

Kwa desturi, wanafunzi wenye Kiingereza haba hupewa kuigiza umati, kwa kuwa maneno yake ni machache: maswali mafupi na makelele. Wanaopewa nafasi hiyo kwa sababu ya udhaifu wao ndio wanaosikiliza hotuba zote mbili, ya Bruto na ya Antonio, ndio wanaobadili nia kati yake, na ndio wanaomzingira Sina.